Watengeneza vichwa vya risasi za magnum, mnatuuzia uzito tu. Mengine yote mmeyaficha wapi?

Wakuu, heshima mbele. Uzi huu ni wa hasira, anayetaka maneno laini apite kushoto.

Nina boksi la vichwa vya .357 Magnum hapa mezani, yaani zile ncha zinazoruka za risasi za rivolva zenye nguvu kubwa. Limeandikwa greni 158, huo ni uzito. Limeandikwa "ngumu". Limeandikwa "maalumu kwa magnum", na pembeni kuna picha ya rivolva inatema moto. Kipenyo, hakuna. Ugumu kwa kipimo cha Brinell, hakuna. Kasi ya juu kabisa ambayo kichwa kinavumilia, hakuna. Nikatoa kimoja nikakiweka kwenye maikromita: inchi 0.357 kamili. Yaani kichwa cha risasi tupu (madini ya risasi yenyewe), hakina koti la shaba hata kidogo, kimekatwa kipenyo cha kichwa chenye koti!

Kwa ambao wanaanza kujaza risasi wenyewe (ganda, baruti na kichwa): kwenye .357 Magnum, kichwa chenye koti ni 0.357, lakini cha risasi tupu kinatakiwa kiwe 0.358, na wakati mwingine kizidi hapo kidogo, kulingana na tundu la mbele la chemba za silinda yako. Kwenye .44 Magnum ni 0.429 kwa chenye koti na 0.430 kwa cha risasi tupu. Hiyo elfu moja ya inchi mnayoiona si kitu ndiyo kila kitu. Kichwa kikiwa chembamba, gesi ya moto inapenya ubavuni kabla hakijaushika mtutu, inakiyeyusha pembeni, na ile risasi iliyoyeyuka inapakwa mbele yake. Mulika tochi ndani ya mtutu baada ya hapo. Mwanzoni kabisa, pale kichwa kinapoingilia kutoka kwenye silinda, ile mifereji ya kuzungusha kichwa imepotea, kuna utando wa kijivu umeganda. Unasugua kwa brashi iliyofungwa waya wa shaba, vinatoka vipande vyembamba vinavyong'aa, unasugua tena, vinatoka tena. Jioni nzima imeisha unakwangua chuma badala ya kulenga shabaha.

Na huu si ugonjwa mpya. .357 Magnum ilipotoka mwaka 1935 ilitoka na kichwa cha risasi cha greni 158, na malalamiko ya mitutu kuziba utando yakaanza wakati uleule. Walioujua mchezo wakatafuta dawa: kina Elmer Keith, mwandishi wa silaha wa Marekani, walikuwa wanachora vichwa vyenye mikanda mipana, kitako bapa, mfereji mkubwa wa mafuta na mfereji tofauti wa kukunjia mdomo wa ganda ili kichwa kishikwe. Kile chake cha .44, kama greni 250, kilikuwepo miaka mingi kabla .44 Magnum yenyewe haijazaliwa miaka ya 1950. Sasa niambieni, elimu ya tangu enzi hizo imeshindikana vipi kuandikwa kwenye ubavu wa boksi?

Kuuza kichwa cha rivolva kwa uzito peke yake ni sawa na kuuza viatu kwa kilo.

Tuje kwenye hilo neno "ngumu", maana ndilo linaloniudhi kuliko yote. Risasi safi isiyochanganywa ni kama 5 kwenye kipimo cha Brinell. Vile vizito vya risasi vya kusawazishia magurudumu ya gari vikiyeyushwa vinakaa kwenye 12 hivi. Madini ya herufi za mitambo ya zamani ya uchapaji, yenye antimoni nyingi na bati, yanafika kama 22. Je, boksi langu ni 12 au 22? Sijui, na aliyelipanga hataki nijue. Watu wamekaririshwa kwamba magnum inataka kichwa kigumu kuliko vyote. Si kweli. Kichwa chenye kipenyo sahihi na ugumu wa wastani kinafanya kazi safi kwenye mzigo (kipimo cha baruti) wa kati, kwa sababu shinikizo linakitanua kitako kikaziba njia ya gesi. Kikiwa kigumu mno na mzigo ukawa mdogo, kitako hakitanuki, gesi inapita, utando uleule. Ndiyo maana mtu anarudi kulalamika "nimenunua kigumu zaidi na bado mtutu unachafuka". Ndugu, umenunua kigumu zaidi na chembamba vilevile.

Unajua kwa nini wanakipenda kigumu? Hakibonyei wakati wa kusafirishwa. Na ule mchanganyiko wa nta kwenye mfereji, ukiukwangua kwa ukucha unavunjika vipande vikavu, nao umechaguliwa kwa sababu hauyeyuki njiani wala haugandishi vichwa pamoja ndani ya boksi. Kwamba hata ndani ya mtutu hauyeyuki vizuri, hilo ni tatizo lako. Kitako nacho kimechongwa pembe kuzunguka ukingo badala ya kuwa bapa, maana hivyo kinatoka kwenye kalibu haraka na kinakaa kirahisi mdomoni mwa ganda. Angalieni wenyewe: ugumu, mafuta na kitako, vyote vitatu vimepangwa kwa faida ya anayetengeneza na anayebeba. Anayefyatua hakuulizwa.

Halafu kuna hawa wa shaba. Mtu unaagiza vichwa "vyenye shaba", picha inameremeta, vinafika ni vile vya kuchovywa tu. Wakuu, kuchovya si koti. Koti ni kikombe cha shaba kinene kilichobanwa juu ya risasi; kuchovya ni ngozi nyembamba juu ya risasi laini. Watengenezaji waungwana wanasema wazi kwamba vichwa hivi visipitishwe kama futi 1,250 kwa sekunde, na mzigo kamili wa .357 kwenye mtutu mrefu unafika hapo bila jasho. Vingi havina hata mfereji wa kukunjia. Sasa ukunje wapi? Ukikunja kidogo, teke la rivolva linavuta vichwa vya risasi zilizobaki vitoke kwenye maganda yake. Kimoja kikichungulia mbele ya silinda, silinda imegoma, umebaki na chuma cha kugongea misumari. Ukikunja kwa nguvu, mdomo wa ganda unakata ile ngozi. Nilikitoa kimoja kwenye ganda kukiangalia: kina duara zima lililokatwa kukizunguka, risasi ya kijivu inaonekana chini yake. Hicho ndicho wanachokiita "maalumu kwa magnum".

(Kama unataka kujua kukunja kwako kunatosha, jaza silinda, pima urefu wa risasi moja kwa kaliperi, fyatua zote ila hiyo, halafu ipime tena. Ikirefuka, haitoshi.)

Wale wa "chukua greni 125 ina kasi", hapa sitakaa sana. Vichwa vyepesi vyenye moto mwingi vimepasua mdomo wa nyuma wa mtutu, pale kichwa kinapoingilia, kwenye rivolva za fremu ya kati kama Model 19 ya Smith & Wesson, ambayo chuma cha chini cha mdomo huo kimepunguzwa ili silinda ifunge. Fremu nzito zaidi zilizokuja baadaye kwenye .357 hazikuletwa kwa urembo. Na wale wa vichwa virefu vizito, pimeni kwanza silinda zenu. Hata kile cha Keith cha .38, kalibu namba 358429, kikikunjwa kwenye mfereji wake ndani ya ganda la .357 kinakuwa kirefu kuliko silinda ya Model 27.

Najua atakuja mjuaji kuniambia "fuata kitabu cha kujazia". Kitabu kipi, mkuu, na ukurasa upi? Kitabu hakitoi mzigo wa "greni 158". Kinatoa mzigo wa kichwa fulani cha greni 158: cha koti, au cha risasi, au cha kuchovya, chenye umbo fulani, kilichozamishwa kina fulani. Vitatu hivyo uzito ni mmoja, shinikizo si moja. Kinachozama zaidi kinapunguza nafasi ya baruti na shinikizo linapanda, na dari la .357 kwa viwango vya SAAMI (chombo cha watengenezaji wa silaha na risasi Marekani) ni paundi 35,000 kwa inchi ya mraba, si mahali pa kubahatisha. Ukigeuza upande wa pili, ukachukua mzigo mwepesi wa kichwa cha risasi ukauweka chini ya kichwa cha koti, kinaweza kukwama katikati ya mtutu, na anayefyatua cha pili juu yake ndiye anayeumia. Kwa hiyo mtu asiyeandika aina ya kichwa kwenye boksi amenifungia kitabu.

Cha kufanya kwa sasa, kwa aliyekwisha kununua kama mimi: hakikisha rivolva haina kitu, fungua silinda, ingiza kichwa kwenye tundu la mbele la chemba ukisukume kwa penseli. Kikipita kwa kubanwa kidogo, umepata. Kikidondoka chenyewe, hicho ni cha kurudisha, usikifikishe kwenye ganda. Rudia chemba zote, kwa sababu kuna silinda ambazo chemba zake hazilingani.

Mimi langu nalirudisha kesho, na nimeambiwa "wateja wengine hawajalalamika". Sasa mwenye boksi la .357 au .44 lililoandikwa kipenyo, ugumu, umbo la kitako na kasi ya mwisho, aweke picha ya lebo hapa chini. Uzito msihangaike nao, huo tunaujua.