Mbunge wa upinzani aliyeshindwa kura kwenye sheria ya kuchapa watoto Wales: alikosea kweli?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Naomba tujadili hii kitu bila matusi, maana najua suala la kuchapa watoto likiguswa tu kila mtu anamkumbuka mamake na mwiko.

Kwa wasiokaa huku: Wales ni sehemu ya Uingereza lakini tangu 1999 ina bunge lake pale Cardiff Bay, siku hizi linaitwa Senedd, linatunga sheria za afya, elimu, ustawi wa jamii na mambo kama hayo, ila polisi na mahakama zimebaki mikononi mwa London. Hilo la polisi lishikeni, nitalirudia. Sasa tarehe 28 Januari 2020 bunge hilo likapitisha sheria ya kufuta utetezi wa "adhabu ya kiasi", kura 36 za ndiyo, 14 za hapana, ikaanza kufanya kazi 21 Machi 2022. Mtaani tunasema wamepiga marufuku kuchapa mtoto, na ni kweli, ila ukiisoma sheria yenyewe haijaunda kosa jipya. Kumpiga mtu lilikuwa kosa siku zote, mzazi ndiye aliyekuwa na mlango wa uani wa kutokea, anaiambia mahakama nilimchapa kidogo tu kumrudi. Na mlango wenyewe wa zamani haswa, 1860, kesi ya mwalimu wa Eastbourne anaitwa Thomas Hopley, alimpiga mwanafunzi mpaka akafa. Akatiwa hatiani, lakini jaji katika maelezo yake akasema mzazi au mwalimu anaruhusiwa adhabu ya wastani. Yaani mtoto kafa, halafu kesi yake ndiyo ikawa ngao ya wachapaji kwa miaka 160!

Ninayetaka tumjadili ni Janet Finch-Saunders, wakati huo mbunge wa chama cha Conservative wa jimbo la Aberconwy, kule kaskazini upande wa Llandudno. Serikali wakati huo ni ya chama cha Labour, mswada kauleta naibu waziri Julie Morgan, yeye yuko upinzani, msemaji wa chama chake kwenye mambo ya watoto na ustawi, na pia ni mjumbe wa kamati ya bunge ya watoto na elimu iliyouchambua huo mswada. Wajumbe wengi wakaukubali. Yeye na mwenzake wa chama, Suzy Davies, wakakataa.

Mimi kipindi kile nilimwona mama wa kizamani tu anayetaka watu wazabe watoto makofi. Nimelelewa Tanga, kiboko nakijua, sina hamu nacho. Lakini juzi nikakaa nikafuatilia aliyokuwa anayasema bungeni na nikajikuta nakunja uso, kwa sababu maswali yake mengi hayakuwa ya kutetea kofi, yalikuwa maswali ambayo mimi mzazi mgeni wa huku ndiyo yaliyokuwa yananinyima usingizi. Kwamba sheria iliyopo tayari inamshika anayeumiza mtoto, hii mpya inamshika nani? Wazazi wa kawaida waliokasirika siku moja? Ofisi za ustawi wa jamii zimeelemewa tayari, zikianza kupokea simu za kila kofi, yule mtoto anayeteswa kweli si atapotelea kwenye foleni? Na wewe bunge huna mamlaka juu ya polisi, unatungaje sheria ambayo wa kuitekeleza wanaagizwa na mwingine?

Niwape picha moja. Mwaka juzi niko supamaketi, kijana wangu ana miaka minne, kajilaza chini katikati ya njia mbele ya maboksi ya konfleksi, analia kama nimemchoma, viatu vinapiga sakafu. Mkono wangu ukainuka wenyewe, wallahi sikuuagiza. Ukabaki hewani. Kuna bibi wa Kizungu na kikapu chake kasimama ananiangalia, mimi naye tukatazamana, nikaushusha mkono nikajifanya nachukua boksi la juu. Nikanunua konfleksi ambazo hatuli. Sasa niambieni, sheria ilinisaidia au ilinitisha? Maana kwa wakati ule nilichowaza si mtoto, niliwaza kazi yangu.

Mchangiaji wa 1

Hapo kwenye kazi umegusa penyewe dada. Sisi wengi huku tunafanya kea, kulea wazee, kila ukiomba kazi wanataka DBS, ile cheti ya rekodi zako za polisi. Mwenyeji akiitwa na polisi akaambiwa nenda kasomee malezi atarudi nyumbani kunywa chai. Mimi nikiitwa na polisi silali wiki, nawaza kazi, nawaza viza, nawaza watoto wenyewe. Huyo mbunge sijui kama alituwaza sisi, lakini swali lake lilitufaa.

Mchangiaji wa 2

Mleta mada unamsafisha mwanasiasa bure. Hii mbinu ya "siungi mkono kupiga watoto, ILA pesa ziko wapi, ILA polisi wamejiandaa" inajulikana dunia nzima, ukitaka kuua mswada mzuri bila kuonekana mbaya unauliza bajeti. Sweden wamepiga marufuku tangu 1979, magereza yao yamejaa wazazi? Scotland nao wakaanza Novemba 2020, kabla hata ya Wales kuanza kutekeleza. Na hilo la kusema sheria iliyopo inatosha, haikutosha, ndiyo maana mzazi aliweza kusimama mahakamani akasema nilimchapa kwa kiasi. Ukimzaba mkeo kofi hakuna kiasi. Ukimzaba mzee unayemlea huko kazini hakuna kiasi. Mtoto ndiye binadamu peke yake aliyekuwa na kiasi.

Mchangiaji wa 3

Samaki mkunje angali mbichi. Tulichapwa na tumekuwa watu. Hao Wales waendelee na mambo yao sisi tusiige.

Mchangiaji wa 2

Mzee shikamoo, lakini kukunja na kuchapa wapi na wapi. Ukimpiga samaki anapondeka.

Mchangiaji wa 4

Mimi niko Chester, England, hatua chache tu kutoka mpakani, acha niwachekeshe kidogo. Uwanja wa mpira wa Chester, ule wa Deva, mpaka umepita papo hapo, geti na ofisi ziko England, kiwanja chenyewe kiko Wales. Na England mpaka leo utetezi wa adhabu ya kiasi upo. Kwa hiyo baba akimzaba mwanawe kofi la matako wakati wa kukata tiketi ana la kujitetea, akimzaba lilelile kona ya goli hana! Na sheria ya Wales haiulizi unaishi wapi, hata ukija kutembea siku moja Llandudno kula aiskrimu inakuhusu. Serious kabisa mpinzani alikuwa na haki kuuliza polisi watafanyaje.

Mchangiaji wa 5 (Nairobi)

Niwaambie ya kwetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, hakuna mtu kuadhibiwa kwa kuchapwa, na 53 inamkinga mtoto. Iko kwa katiba kabisa, si sheria ndogo. Sasa ingia nyumba yoyote hapa mtaani uulize kama mtoto hachapwi, utachekwa. Kwa hivyo mimi huyo mama wa upinzani namwelewa pale anaposema bila pesa na bila kufunza wazazi hiyo ni karatasi. Lakini simwelewi pale anapiga kura ya hapana. Kama shida ni pesa, itisha pesa.

Mchangiaji wa 3

Na Bara huku Tanzania shuleni fimbo zinaruhusiwa, mwisho nne, na anayeamua ni mwalimu mkuu. Hiyo ndiyo adhabu ya kiasi. Imeandikwa.

Mleta mada

Mzee wangu nimesoma Tanga, hizo nne sikuwahi kuziona zikiishia nne, tuliache hilo.

Mchangiaji wa 2, nakubali nusu. Ile kura yake simtetei, ningekuwa bungeni siku ile ningekuwa na wale 36. Ninachobisha ni hii tabia yetu ya kudhani aliyeshindwa kura hakufanya kitu. Marekebisho mengi waliyopeleka wapinzani yaliangushwa, ni kweli. Lakini ifungue sheria yenyewe uone. Kuna kifungu kinaitaka serikali iwaelimishe watu kabla haijaanza. Kuna kingine kinaitaka iandike ripoti ya jinsi sheria inavyofanya kazi, ya kwanza baada ya miaka 3, ya pili baada ya 5. Ikapewa na miaka miwili ya kujiandaa. Haya yote ni majibu ya "mmejiandaa?", na lile swali liliulizwa kwa kelele zaidi na watu ambao hawakuutaka mswada. Waliokuwa wanaupenda walikuwa na haraka ya kushangilia, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Na lile la polisi jibu lake ndilo lililomtuliza hata mume wangu. Kesi ndogo si lazima ifike mahakamani, polisi wanaweza kukupeleka kwa watu wa halmashauri wakufundishe njia nyingine za kumtuliza mtoto. Kama hakuna aliyebana wangeweka mpango huo? Sijui, labda wangeweka. Ila huko bungeni ulidaiwa.

Mchangiaji wa 2

Sawa, hapo nakupa. Lakini deni hulipwa na mdaiwa, usimpe sifa zote mdai. Waliopanga yale mafunzo ni upande wa serikali.

Mchangiaji wa 1

Hayo mafunzo mtu akipelekwa yanabaki kwenye rekodi au hayabaki? Hilo ndilo nataka kujua mimi, siasa zenu mtamaliza wenyewe.

Mleta mada

Swali zuri, anayefanya kazi upande wa sheria huku atujibu tafadhali, tusipeane majibu ya kubahatisha kwenye jambo la kazi za watu.

Mimi nina lingine. Ile elimu kwa umma mimi ilinifikia kliniki, muuguzi alinipa kikaratasi, upande mmoja Kiingereza upande wa pili Kiwelshi, nikakikunja nikakiweka kwenye begi la nepi na kikafia humo na maji ya chupa. Mama mkwe ndiye anayebaki na mtoto nikiwa zamu ya usiku, na hasomi lugha yoyote kati ya hizo mbili. Cha Kiswahili sikuwahi kukiona. Kuna mtu hapa alikipata?