Vidole viwili vina ganzi, nimeandikiwa kipimo cha neva

FundiKariobangi
Hamjambo wapendwa. Nashona sare za shule hapa Kariobangi, huu ni mwaka wa 14. Tangu Aprili mkono wa kushoto una ganzi kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Nusu kabisa: upande unaogusana na kidole cha kati nahisi, upande wa pili sihisi. Siku hizi vifungo vinaniponyoka. Daktari anashuku neva imebanwa kwenye kiwiko, akaniandikia kipimo cha neva. Jirani ananiambia nitapigwa shoti ya umeme. Naogopa, ila kupoteza mkono huu naogopa zaidi. Nani amefanyiwa?

BodaUmoja
Pole dada. Mimi nilifanyiwa, yangu ilibanwa kwenye kifundo cha mkono, ganzi ikawa ya gumba na vidole vinavyofuata. Umeme utausikia, mkono unaruka wenyewe, ni kama kugonga kiwiko mlangoni. Unapita mara moja. Sindano ya kwenye misuli ndiyo iliuma, lakini si wote wanaodungwa.

MpimajiNeva
Dada fundi, hiyo nusu ya kidole imenisaidia sana. Neva ya ulna hupita nyuma ya kiwiko na kuishia kwenye kidole cha mwisho na nusu hiyo ya kidole cha pete. Ila neva zikibanwa shingoni, ganzi huweza kushuka kwenye vidole hivyo hivyo, ndiyo maana tunapima badala ya kukisia.

Tutakubandika elektrodi (vibandiko vya kunasa ishara ya neva) mkononi, tuichochee neva kwenye kifundo, chini ya kiwiko, kisha juu yake, mkono ukiwa umekunjwa. Tunapima umbali kwa tepu kama hiyo unayovaa shingoni, tunagawanya kwa muda. Neva ya mkono yenye afya hupeleka ishara mita 50 kwa sekunde au zaidi. Ikienda vizuri hadi kifundoni, lakini kwenye kiwiko ikapungua kwa zaidi ya mita 10, basi ilipobanwa tumepaona.

Usijipake mafuta siku hiyo. Na tafadhali njoo na mikono yenye joto, hasa baridi hii ya Julai. Mkono wa baridi huchelewesha ishara, mtu akaonekana mgonjwa kumbe ni hali ya hewa. Kama una kifaa cha moyo kifuani, sema kabla hatujaanza.

Kwa sasa usiegemeze kiwiko kwenye meza ya cherehani. Usiku kifunge taulo, usilale umekikunja. Halafu angalia nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada, kwa upande wa mgongo wa kiganja. Imebonyea?

FundiKariobangi
Nimelinganisha mikono yote miwili kwenye mwanga wa dirisha. Kulia imejaa. Kushoto kuna kibonde. Miadi yangu ni wiki tatu zijazo.

MpimajiNeva
Hicho kibonde ni misuli inayokonda. Usingoje wiki tatu. Mpigie daktari wako leo, umweleze kama ulivyonieleza, uombe usogezwe mbele.