Mjadala: Mabegum (watawala wanawake) wa Bhopal, dola ya India ya kati, walitawala kweli, au waliwekwa na Waingereza?

Mzizi: Wadau, msimamo wangu ni kwamba waliwekwa. Bhopal ilifunga mkataba na Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyoitawala India, mwaka 1818. Mwaka uliofuata Nawab (mtawala mwanamume) Nazar Muhammad Khan akauawa na bastola iliyofyatuka mikononi mwa shemeji yake mdogo, Faujdar. Tangu hapo, hakuna aliyekalia kiti bila ridhaa ya ofisa wa Kiingereza.

Tarehe Kwanza: Mkuu, kuridhiwa si kuwekwa. Qudsia, mjane wa Nazar, alidai kiti kwa bintiye Sikandar ambaye alikuwa bado mchanga, na akashika utawala kwa niaba yake hadi 1837. Mwaka huo Waingereza walimpa madaraka nani? Jahangir, mume wa Sikandar! Kama walitaka mabegum, mbona walimwondoa aliyekuwepo?

Mzizi: Na Jahangir alipofariki 1844, nani aliamua kiti kiende kwa Shah Jahan, binti yake na Sikandar, mtoto wa miaka sita? Usimamizi wenyewe walimpa kwanza Faujdar, yule yule wa bastola. Sikandar alisubiri hadi 1847.

Tarehe Kwanza: Alisubiri, kisha akaitengeneza dola. Aliigawa nchi katika wilaya tatu, akafuta utaratibu wa kukodisha ukusanyaji wa kodi. Huo ndio uliokuwa ugonjwa: aliyekodi kazi hiyo anaahidi hazina kiasi fulani, kisha anamkamua mkulima ili apate cha juu, na shamba likiachwa yeye hana hasara. Mwaka 1855, Shah Jahan alipoolewa, ikakubaliwa kwamba mume atakuwa nawab wa jina tu. Kosa la 1837 likazibwa hapo. Kuhusu uasi wa Wahindi wa 1857 sikupingi: aliwaunga mkono Waingereza dhidi ya waasi, akazawadiwa eneo la Berasia, na 1860 akatambuliwa mtawala kwa haki yake mwenyewe, binti akimpisha mama. Alilipia kiti hicho, na bei yake wengi India hawajaisamehe.

Kilemba: Nyote mnazungumzia Waingereza tu. Hoja ya dini je? Hadithi ya Abu Bakra iliyomo katika Bukhari, kwamba hawatafaulu watu waliomkabidhi mwanamke mambo yao, wanazuoni wa India waliijua vizuri. Tena Shah Jahan, aliyemrithi mama yake, aliolewa mara ya pili, 1871, na Siddiq Hasan Khan, mwanachuoni mkubwa wa Ahl-i Hadith, kundi la wanaofuata hadithi moja kwa moja. Akakaa nyuma ya pazia na bado akatawala hadi 1901. Waliomvua Siddiq vyeo mwaka 1885 ni Waingereza, si wanazuoni.

Mzizi: Sawa, lakini umenisaidia. Anayeweza kumvua mume wa mtawala vyeo, ndiye mwenye nchi.

Kilemba: Basi tazama 1924. Wana wawili wakubwa wa Sultan Jahan, begum aliyemrithi mama yake Shah Jahan, walifariki mwaka mmoja. Waingereza walielekea kwa mjukuu, mtoto wa mwana mkubwa. Begum akashikilia mirathi ya Kiislamu: mwana aliye hai humzuia mjukuu. Akaenda London mwenyewe kuitetea hoja hiyo, akashinda, na 1926 akajiuzulu kumpisha Hamidullah, mwanawe aliyebaki.

Tarehe Kwanza: Yaani begum aliyewashinda Waingereza kwa sheria alishinda ili kiti kirudi kwa mwanamume.

Kilemba: Ndiyo. Ila Hamidullah alizaa mabinti watupu, na 1928 mrithi aliyetambuliwa alikuwa bintiye Abida Sultaan.