Barua ya jumuiya kabla ya kubatiza mtoto: ni haki kwa familia changa?

Mwanzisha mada, Dodoma mjini

Tumsifu Yesu Kristo. Nawasalimu na wa imani nyingine, maana naomba mawazo ya wote.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mtumishi wa umma, Mkatoliki tangu kuzaliwa. Ofisi yetu ilihamia Dodoma mwaka 2019 nami nikaja nayo. Mume wangu kazi yake ikambakiza Dar es Salaam. Mwezi uliopita nilikwenda kuomba barua ya jumuiya, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, ili mtoto wetu wa pili, ana miezi mitano, aandikishwe ubatizo. Mwenyekiti akafungua daftari la mahudhurio, akateremsha kidole hadi jina la familia yetu. Tangu Januari tuna vema nne. Kwingine kote ni mkwaju wa biki nyekundu. Akasema barua hawezi kuandika: tuhudhurie miezi mitatu mfululizo, tumalize bahasha za zaka tunazodaiwa, ndipo turudi. Hakunitolea lugha mbaya. Lakini nilitoka pale na mtoto mgongoni, machozi yananilengalenga.

Jumuiya yetu inasali Jumamosi saa 12:00 asubuhi, nyumba kwa nyumba. Jumatatu hadi Ijumaa naamka saa 10:00 alfajiri: uji, sare ya mkubwa aliye darasa la kwanza, maelekezo kwa dada, kisha daladala mbili hadi ofisini, Mtumba. Mume wangu, tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, anaweza kuja kila Ijumaa, ila anaingia nyumbani watoto wamelala. Jumamosi ndiyo asubuhi wanayomwona. Mkubwa akiamka anakwenda kwanza mlangoni kugusa begi la baba yake, ahakikishe kweli amekuja, ndipo anakimbilia chumbani.

Je, hatusali? Kila jioni, umeme uwepo usiwepo, mkubwa anashika rozari ya mbao aliyoachiwa na bibi yake, anaongoza tendo moja. Baba yake anaitikia kutoka Dar, simu tumeilaza mezani. Jumapili Misa ya kwanza hatukosi. Hayo hayana daftari.

Mimi nasema barua ya ubatizo ishuhudie imani ya nyumba. Kuhesabu vema za saa 12:00 asubuhi na bahasha si kushuhudia imani. Nipingeni kwa hoja.

Mchangiaji, mwenyekiti wa jumuiya, Kizota

Milele amina, binti yangu. Mbukwenyi nyote.

Nimeongoza jumuiya miaka kumi na moja. Kuna watu hunitafuta mara tatu tu: ubatizo, ndoa na msiba. Kuna familia iliniamsha usiku wa manane, baba amefariki, wanataka padre. Ninaishi nao mtaa mmoja. Parokia ikaniuliza huyu ni nani, nami sikujua hata jina lake la ubatizo. Wewe ungejibu nini? Barua ni ushahidi, na mimi sishuhudii nisichokiona.

Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipoamua miaka ya 1970 kwamba Kanisa lisimame juu ya jumuiya ndogo ndogo, walitaka Wakristo wajuane kwa majina, wasomeane Neno, wauguziane. Leo Dodoma imejaa wageni tangu Serikali ihamie. Mtu anajenga Nala au Ihumwa, geti juu, hajui jirani. Ukiniondolea daftari nitamjua nani? Rozari ya kwenu ni njema sana, lakini mtoto habatizwi awe wa sebuleni kwenu peke yenu.

Mchangiaji, katekista, Mpwapwa

Niongeze sheria, maana huwa tunabishana kwa mazoea. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 868, zinataka mambo mawili kwa mtoto mchanga: ridhaa ya mzazi angalau mmoja, na tumaini la msingi kwamba atalelewa Kikatoliki. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo unaahirishwa na wazazi wanaelezwa sababu. Barua ya jumuiya ni njia yetu ya kulitafuta tumaini hilo. Ni njia nzuri, lakini kanuni yenyewe haitaji barua hiyo. Mama anayeongoza rozari kila jioni ananipa tumaini kuliko anayekuja jumuiya kuchezea simu.

Zaka nayo tuitenganishe. Kutegemeza Kanisa ni wajibu wa kila mwamini, kanuni ya 222. Lakini kanuni ya 848 inataka maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao, na mwenye daftari hajui nani ameshindwa na nani amepuuza mpaka aulize. Dada, nenda kwa paroko mwenyewe, ukae naye.

Mchangiaji, Kondoa

Assalaam aleikum. Mimi ni Muislamu, mama amekaribisha wote.

Kwetu mtoto akizaliwa anaadhiniwa, akika inafuata kwa mwenye uwezo, na barua haipo. Maiti naye: kumuosha, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi kifaya. Wakitimiza baadhi, wengine wamesalimika. Wakiacha wote, dhambi ni ya wote. Kwa hiyo mzee, kwa heshima kubwa, unaposema hukumjua marehemu wa mtaa wako, naona deni hilo mnalo wote wawili.

Ila mama asidhani huku hakuna mbio. Wanangu wakitoka shule wanapitiliza madrasa hadi magharibi, wanarudi wanasinzia kwenye sahani. Ustadhi ana daftari lake pia. Nami sijui nimlaumu nani, maana ni mimi niliyewaandikisha.

Mchangiaji, muuguzi, Dodoma mjini

Nikitoka zamu ya usiku, sala ya Jumamosi imekwisha. Jumuiya yetu ilihamisha sala kwenda Jumapili saa 11:00 jioni, kila wiki ya pili. Tulikuwa tunakuja wanane. Sasa viti tunaazima kwa jirani. Basi.

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee wangu wa Kizota. Lile jina la ubatizo la marehemu limenikosesha usingizi. Nimejiuliza: mume wangu akianguka Jumamosi moja akiwa hapa, nani kwenye jumuiya yetu anajua jina lake? Hakuna. Hilo ni kosa langu pia, nalikubali. Tumeishi kama wapangaji wa Kanisa.

Lakini nikuulize na wewe. Mwenyekiti wangu alijua idadi ya vema zangu. Alikuwa hajui kwamba mume wangu anafanya kazi Dar, miaka yote hii, na nyumba zetu zinatenganishwa na duka moja. Daftari lilimwambia sikuja. Halikumtuma aje kuuliza kwa nini. Hapo ndipo ninapokataa: jumuiya ibishe hodi kwanza, ndipo ihesabu. Na dada muuguzi ameonyesha kwamba saa 12:00 asubuhi ya Jumamosi si amri ya Mungu.

Zaka nitamaliza mwisho wa mwezi, sina ubishi nayo. Naomba tu isiwekwe meza moja na ubatizo wa mtoto.

Jana nimemwomba mwenyekiti sala ya Jumamosi ijayo iwe sebuleni kwetu, saa 1:30 asubuhi badala ya saa 12:00, mume wangu akiwepo na mkubwa aongoze tendo la kwanza. Amesema atawauliza wenzake. Mzee wangu, ingekuwa ni wewe, ungekubali?

Mchangiaji, mwenyekiti wa jumuiya, Kizota

Marahaba. Ningekubali. Daftari ningekuja nalo, niandike jina la ubatizo la mume wako.