Kufuatilia nguvu ya umeme inayofika kwenye transdyusa ya ultrasaundi ya tiba

mtafiti_mawimbi:
Wataalamu, salamu. Tunatumia transdyusa (kifaa kinachogeuza umeme kuwa mawimbi ya sauti) ya kulenga ya megahezi 1 kupasha joto sehemu ndogo ndani ya jeli ya majaribio. Amplifaya inaonyesha wati 100 tangu mwanzo hadi mwisho, lakini joto kwenye kitovu cha mawimbi linapungua kadiri kazi inavyoendelea, ingawa hakuna aliyegusa mpangilio. Je, tunawezaje kujua, kazi ikiwa inaendelea, ni umeme kiasi gani unaoingia kweli kwenye transdyusa, na je, kipimo hicho kinatosha kutujulisha dozi?

fundi_vifaatiba:
Mara nyingi namba ya amplifaya ni nguvu inayokwenda mbele peke yake. Funga kapla ya mwelekeo (kifaa kinachotenganisha nguvu inayokwenda na inayorudi) kati ya amplifaya na saketi ya kulinganisha impidansi, yaani ukinzani wa jumla dhidi ya umeme unaogeuka-geuka, kisha usome kwa pamoja nguvu inayokwenda na inayorudi. Zikienda wati 100 na kurudi 20, zinazopita ni 80, na sehemu ya hizo hupotea kama joto kwenye saketi hiyo na kwenye kebo. Kauri ya transdyusa, yaani sehemu inayotetemeka na kutoa sauti, inapopata moto, impidansi yake hubadilika, ulinganisho uliofanywa ikiwa baridi huharibika, na nguvu inayorudi hupanda taratibu; nashuku hilo ndilo linalowapata. Chunguza pia kapla yenyewe, kwa sababu ile inayotenganisha pande mbili kwa desibeli 20 tu huvujisha asilimia 1 ya nguvu ya mbele upande wa kurudi. Uvujaji huo hujumlishwa na wimbi halisi kwa kufuata awamu (jinsi wimbi moja linavyotangulia au kuchelewa kulinganishwa na jingine), hivyo nguvu inayorudi ambayo kwa kweli ni asilimia 1 yaweza kusomeka popote kati ya sifuri na asilimia 4.

maabara_ya_sauti:
Naafikiana na mwenzangu kuhusu kapla, ila tusiichukulie nguvu ya umeme kuwa ndiyo dozi. Kauri iliyopasuka au gundi iliyoachia inaweza kumeza wati zilezile 80 na kutoa sauti kidogo, huku mita ikionyesha kwamba mambo ni shwari. Ni lazima kwanza mpate uwiano wa umeme na sauti kwa mizani ya msukumo wa mawimbi, ndani ya maji yaliyoondolewa gesi: kila wati 1 ya sauti husukuma shabaha inayofyonza mawimbi kwa takriban milinyutoni 0.67, yaani mizani husogea kama miligramu 68. Kwa miale inayolengwa, pembe ya miale huhitaji kusahihishwa. Kiwango cha IEC 62555, cha tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, kinahusu vipimo vya namna hii. Pimeni katika nguvu ndogo na kubwa pia, kwa kuwa uwiano huo haubaki uleule transdyusa ikipata moto. Na kama mnatuma mipigo mifupi, mita inayotoa wastani haitawaonyesha nguvu iliyomo ndani ya mpigo.

mtafiti_mawimbi:
Nashukuru sana. Tuna osiloskopu (kifaa kinachochora umbo la mawimbi ya umeme), je, kuzidisha volti na mkondo hakutoshi?

fundi_vifaatiba:
Kunatosha, mradi mpime mahali ambapo volti na mkondo vinakaribia kwenda sambamba. Kwa megahezi 1, tofauti ya nanosekunde 10 kati ya probu mbili ni nyuzi 3.6. Awamu halisi ikiwa nyuzi 80, kosa hilo dogo laweza kupandisha jibu kwa takriban asilimia 35, kwa hiyo sawazisheni probu kwanza kwa kutumia kipingamizi kisicho na awamu.

Baadaye, mtakapokaribia tiba yenyewe, wekeni kikomo kinachokata umeme bila kusubiri mtu, na rekodini mwenendo wote wa nguvu inayorudi. Ikipanda polepole, shukuni joto. Ikiruka ghafla, kagueni kebo, kauri, na mgusano wa maji. Ikitikisika bila mpangilio nguvu inapoongezwa, huenda viputo vinatokea mbele ya transdyusa, na hapo ni heri kusimama kabla ya kuendelea.