Tupeane uzoefu: kumfundisha dresaji farasi wa kukokota mizigo

Mleta mada
Wakuu, salaam. Nina jike la farasi aina ya Percheron, kilo 800 na ushei, maisha yake yote alikuwa akivuta magogo. Sasa namfundisha dresaji, yaani kufuata ishara ndogo za mpandaji kwa utulivu. Mimi si mtaalamu, napanda jioni nikitoka kazini. Kutembea anatembea vizuri sana, ila akianza troti (mwendo wa mchakamchaka) tu ananilalia mikononi, anaegemea hatamu mpaka mabega yanawaka moto. Wenye Shire, Clydesdale, Belgian na jamaa zao, mlifanyaje? Wa "muuze ununue mwepesi" wapite kimyakimya.

Kwato Pana
Mkuu, huyo hana ubishi, anafanya alichofundishwa: akisikia uzito, asukume mbele. Na umbile linamsaidia, bega limesimama, kifua kizito, mbele kumezidi nyuma. Ukivuta naye anavuta, na kwa kilo 800 unajua nani atachoka kwanza.

Kilichonisaidia na Shire wangu ni kubadili mwendo kila mara. Troti hatua kumi, tembea hatua nne, troti tena, kwenye duara la mita 20. Kabla hajaegemea, kaa wima, kaza tumbo, funga vidole kwenye hatamu kwa nukta moja, halafu ACHIA. Wengi tunakaza, kuachia tunasahau, na usipoachia umempa ukuta wa kuegemea. Miguu yako nayo isilale, la sivyo atapunguza mwendo bila kuleta miguu ya nyuma chini ya tumbo. Siku alipoelewa nilimsikia kabla sijamwona: akapumua puani kwa nguvu, akaanza kutafuna lijamu, mgongo ukapanda chini yangu na hatamu zikabaki na uzito wa vidole tu. Ilidumu nusu ya duara, kisha akarudi kuegemea. Nilishuka hapo hapo nikamfungulia tandiko, mazoezi yakaishia hapo.

Mpenda Tandiko
Naongezea: kagua vifaa kabla ya kumlaumu mnyama. Migongo yao ni mipana na ya mviringo, tandiko linazunguka, mtu anakaza mkanda wa tumbo mpaka farasi anakunja uso. Fremu ya tandiko ikiwa nyembamba inabana nyuma ya bega, na farasi anayebanwa hapo hainui mgongo hata umwombe vipi. Akijenga misuli umbo linabadilika, kwa hiyo lipimwe tena.

Halafu lijamu. Watu wanaamini nene ndiyo ya upole, lakini wengi wao ulimi umejaa mdomo mzima, nene haina pa kukaa.

Bibi Percheron
Kanta, ule mwendo wa kasi kuliko troti, usiikimbilie. Hawa hukomaa taratibu kuliko farasi wepesi, na duara la mita 20 kwa mwili ule ni dogo. Wangu alianzia nje, njia iliyonyooka yenye kamwinuko kidogo.

Jingine ambalo halijasemwa: akikakamaa, akitoka jasho jingi au kugoma kwenda baada ya kazi ndogo, usimchape kwa uvivu. Percheron na Belgian wengi wana ugonjwa wa kurithi wa misuli, PSSM, na kipimo cha jeni kipo. Ongea na daktari wa mifugo. Kwa kawaida nafaka hupunguzwa, nyasi zinabaki chakula kikuu, na kazi nyepesi hufanywa kila siku.

Mgeni wa X
Na majaji wa mashindano ya dresaji je? Hawatuchukulii poa?

Kwato Pana
Wapo wanaopenda farasi wepesi wenye miguu mirefu, sikatai. Ila kila zoezi lina alama 0 hadi 10, na 6 maana yake inaridhisha. Simama sawasawa kwenye X (herufi za uwanjani huonyesha pa kufanyia zoezi, X ni katikati), ingia kona vizuri, troti kwenye herufi yenyewe na si hatua tatu baadaye. Hizo alama haziangalii ukubwa wa kwato.

Mleta mada
Asanteni wakuu. Fundi wa tandiko nimeshamwita. Kwato Pana, swali moja: hiyo kufunga vidole, unaifanya kwa hatamu zote mbili au ya nje tu? Huyu wangu nikishika zote ananyanyua kichwa juu kama twiga.