Naomba ushauri: maji ya kunywa kwenye maulidi bila chupa za plastiki
Ndugu zangu, kamati yetu ya maulidi hapa Tanga inatarajia wageni wengi, nami nimepewa jukumu la kuhakikisha kwamba uwanja haubaki umejaa taka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini katazo hilo halikugusa chupa za maji, ambazo kwa maoni yangu ndizo kero kubwa zaidi. Pilau italiwa kwenye masinia, kama ilivyo desturi, hivyo sahani za kutupa hazihitajiki. Je, ndoo kubwa zenye koki pamoja na vikombe vya bati zitafaa, na vikombe hivyo vioshwe vipi kwa haraka bila kuhatarisha afya za watu? Aliyewahi kusimamia shughuli ya namna hii naomba anieleze pia waoshaji wangapi wanatosha.